Makanisa ya mjini Arusha yalipataje kuwa ya makabila mengi?

Mjumbe_Levolosi ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa mjini Arusha, na baraza letu limenikabidhi kazi ya kuandika sura ya kwanza ya kijitabu cha historia ya usharika. Jumapili, ibada ya pili inapotoka, mlangoni utawakuta Mwarusha, Mmeru, Mchagga wa Machame na wa Rombo, Mpare, Mwiraqw, Mnyiramba, Mmaasai wa Monduli, na pia Mhaya au Mnyakyusa aliyeletwa na kazi ya serikali. Ningependa wasomaji wetu waelewe jambo hili lilianzaje.

Rasimu niliyorithi inadai kwamba wamisionari wa Leipzig, yaani Walutheri kutoka Ujerumani, walikusudia tangu mwanzo kujenga kanisa la makabila yote. Mzee mwenzangu anaikataa kabisa. Kwake yeye usharika wa mjini ni mtoto wa Ilboru, kituo cha misheni cha Waarusha, kwa hiyo ni wa Waarusha, na wengine walikaribishwa baadaye kama wageni. Simulizi zote mbili zinanitia mashaka. Ilboru watu walihubiriwa kwa Kimaasai, ilhali sisi mjini tumeabudu kwa Kiswahili tangu enzi ambazo wazee wetu wanazikumbuka. Je, ni nani hasa aliyelifanya kanisa la mjini kuwa la watu wote, na kwa sababu gani Kiswahili kilishika nafasi hiyo?

Mwalimu_wa_Kiborloni amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Nimefundisha historia Moshi kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu dai la rasimu yako halina budi kuondolewa, kwa kuwa wamisionari wa Leipzig walikusudia karibu kinyume chake. Walifika Kilimanjaro mwaka 1893, baada ya wamisionari wa Kianglikana wa CMS kuondoka Moshi kutokana na vita kati ya Wajerumani na Mangi Meli, mtawala wa Moshi, wakafungua vituo Machame mwaka huohuo, Mamba mwaka 1894 na Moshi ya Kale mwaka 1896. Upande wa Mlima Meru walianza Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Kila mahali walijitahidi kujifunza lugha ya wenyeji na kulisimamisha kanisa ndani ya jamii ile, kiasi kwamba hata Uchaggani kwenyewe Kimachame na Kimochi vilitumika kila kimoja upande wake.

Aliyelitetea wazo hilo kwa nguvu kuliko wote ni Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, akaliongoza kanisa la Moshi ya Kale kwa miaka mingi, na kuondoka mwaka 1938. Yeye aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni mahusiano aliyoyaweka Mungu mwenyewe, na kwamba Injili ikipita nje ya mahusiano hayo itabaki juu juu. Hakuwa na imani na mji, wala na fedha, wala na Kiswahili. Mimi namheshimu sana kwa namna alivyowasikiliza Wachagga, lakini historia ilimfanyia kejeli: mteremko mfupi tu chini ya usharika wake, mji mpya wa Moshi ulikuwa unakua mbele ya macho yake.

Mji huo ulikuja na reli. Njia ya treni kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Reli ilibeba makarani, mafundi, wapagazi na wafanyabiashara. Wapare, Wasambaa na Wabondei walipanda nayo kutoka chini, na mashamba ya kahawa na mkonge yakavuta vibarua kutoka Kondoa, Singida na Mbulu. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, ulihitaji watu wanaojua kusoma na kuhesabu, na wengi wao walikuwa wametoka katika shule za misheni. Mkristo wa namna hiyo alipopanga chumba mjini hakuwa na ukoo wa kumpokea wala rika la kuketi nalo. Alikuwa na kitabu cha nyimbo, na jirani aliyezungumza lugha nyingine, na Kiswahili ndicho walichokuwa nacho wote wawili kutoka sokoni na kazini. Kanisa la mjini lilikikuta Kiswahili tayari kinafanya kazi, likakiingiza ibadani.

Jambo la pili ambalo kijitabu chako kisiliruke ni miaka ambayo wamisionari hawakuwapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwafukuza Wajerumani, na mwaka 1920 walimu na wazee Waafrika wakajikuta wanaendesha sharika wenyewe, hadi Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia, na Leipzig kurejea katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1940 hali ilijirudia, Wajerumani walipokuwa wamewekwa kizuizini kwa sababu ya vita vya pili. Mwalimu asiye na mzungu juu yake alilazimika kushughulika na yeyote aliyebisha hodi, awe wa kabila gani.

Kwa hiyo mzee mwenzako ana haki kwa sehemu. Ilboru ni mama, hilo halina ubishi. Lakini mtoto alilelewa na stesheni na soko.

Binti_wa_Majengo amejibu:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa Wakatoliki, kwa sababu katika mji huuhuu sisi tulifika palepale kwa barabara nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza Bagamoyo mwaka 1868, miongoni mwa watu waliokombolewa kutoka utumwani, ambao asili zao zilikuwa za kila upande wa bara na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Walipofungua Kilema mwaka 1890 na Kibosho mwaka 1893, walipanda mlima pamoja na makatekista wa kutoka pwani. Misa ilikuwa kwa Kilatini, ambacho kilikuwa kigeni kwa Mchagga sawasawa na kwa Mrangi, na katekisimu ikafundishwa zaidi kwa Kiswahili. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, liturujia nayo ikahamia Kiswahili bila ugomvi mkubwa. Arusha ikawa jimbo mwaka 1963 chini ya Askofu Dennis Durning, Mmarekani wa shirika hilohilo, na jimbo kuu mwaka 1999.

Hata hivyo sikubali kwamba kuketi benchi moja ni kuchanganyika. Watu wanaweza kuimba pamoja miaka ishirini na kila mmoja akarudi kwa watu wa kwao. Kwetu mabadiliko ya kweli yaliletwa na jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976. Jumuiya hupangwa kwa mtaa, si kwa kabila. Wiki hii sala iko kwa Mpare, wiki ijayo kwa Mwarusha, na msiba ukitokea ni jumuiya inayofika kwanza na daftari la michango. Mwandishi, ukitaka kujua kama usharika wako ni wa makabila mengi kweli, usiwahesabu waumini mlangoni. Angalia nani ametunza fedha, nani ameongoza kwaya, na nani ameketi baraza la wazee, muongo baada ya muongo.

Halafu kuna Krismasi. Wachagga wanapopanda mlimani mwezi Desemba, mabenchi ya mjini hubaki kwa wale ambao kwao ni mbali mno au ambao mji umekuwa kwao, na hapo ndipo utaona usharika una watu gani wa kudumu.

Mwalimu_wa_Kiborloni amejibu:

Dada, hoja ya Krismasi ni nzito kuliko inavyoonekana. Mchagga wa mjini huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo mlimani, mazishi yakaongozwa na usharika wa nyumbani, na ili mambo yaende sawa familia huendelea kutoa ahadi na michango kule juu hata kama wanaabudu mjini mwaka mzima. Usharika wa mjini hubatiza, hufundisha kipaimara na hufunga ndoa, lakini makaburi si yake. Gutmann angetabasamu kidogo.

Mmeru_wa_Poli amejibu:

Wakubwa zangu, mmeeleza vizuri habari za reli na lugha, ila mmezungumza kana kwamba makabila haya yalikutana kwa mara ya kwanza kwenye ibada. Sisi wa upande wa Meru tunakumbuka vingine. Mwezi Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Jeshi la Wajerumani chini ya Kapteni Johannes lilikuja kulipiza kisasi, na pamoja nalo walikuja wapiganaji wa Kichagga. Mifugo ya Wameru na Waarusha ikaswagwa. Boma la Arusha, lililosimama mwaka 1900, lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa. Sasa fikirini hali ya mwalimu wa Kichagga aliyefika Nkoaranga au Ilboru miaka michache baadaye na Biblia mkononi, akihubiri kwa watu ambao ng'ombe wao waliondoka na ndugu zake. Sura isiyotaja jambo hilo itakuwa nzuri kwa sherehe, lakini haitakuwa historia.

Wala jambo halikuishia pale. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa kanisa moja la Kilutheri, lililoongozwa na Askofu Stefano Moshi, Meru iliendelea kuwa chini ya dayosisi ambayo makao yake yalikuwa Moshi. Arusha ilipata sinodi yake mwaka 1973 na baadaye dayosisi. Wameru nao walipodai yao, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgogoro ukawa mkali hata vurugu zikatokea. Mwishowe ikaundwa Dayosisi ya Meru, na kundi jingine likatoka na kuanzisha kanisa lake lenyewe, AMEC. Zipo familia zilizogawanyika kwa sababu hiyo. Sisemi kwamba ulikuwa ugomvi wa kabila tu, maana ulihusu pia mali, shule, hospitali na nani anaamua, lakini mtu akikuambia kabila halikuhusika kabisa, anakuficha.

Kwa mtazamo wangu, mji ulisaidia kwa namna moja ambayo mlima haukuweza: mjini hakuna aliyekuwa na ardhi ya kanisa iliyotolewa na babu yake. Kule kwetu kiwanja cha kanisa kina jina la ukoo.

Mjumbe_Levolosi ameandika:

Nawashukuru sana, na Mmeru_wa_Poli nakuahidi kwamba Akeri itaingia, ingawa najua kuna wajumbe watakaoomba iondolewe. Nina swali moja la mwisho. Katika kabati la ofisi ya usharika kuna daftari za ubatizo, za kipaimara na za ndoa, na kumbukumbu za vikao vya baraza. Nianzie wapi?

Mwalimu_wa_Kiborloni amejibu:

Anza na daftari la ubatizo, mzee wangu, na usisome majina ya watoto peke yake. Soma mahali walikozaliwa wazazi na kazi ya baba pale ilipoandikwa, kisha soma kwa uangalifu mkubwa majina ya wasimamizi. Mhamiaji mpya humchagua msimamizi wa kwao. Siku unapoona mtoto wa Kipare amesimamiwa na mama wa Kiarusha, andika mwaka. Linganisha na daftari la ndoa, kwa kuwa ndoa za makabila mawili kwa kawaida huchelewa kizazi kizima. Kumbukumbu za baraza zitakupa mabishano ya lugha ya ibada na ya kwaya, nazo zisomwe mwisho, kwa sababu karani huandika walichokubaliana na kuacha walichogombania. Ukipata mwanya, ongeza kipindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, ambayo makao yake yalikuwa Arusha kuanzia mwaka 1967 hadi ilipovunjika mwaka 1977. Nategemea utakuta humo majina ya Wakenya na Waganda yanaingia kwa wingi, kisha yanakatika ghafla.