Kikundi cha ukoo: siku ya pili baada ya Idi, mgonjwa wa lukemia (saratani ya damu), kupewa seli shina (seli zinazozalisha damu na kinga) za dada yake Salma

Mjomba Hamisi: Wanangu, habari za asubuhi. Idi ameniambia kwamba kesho na keshokutwa atatundikiwa siklofosfamidi, dawa ileile kali ya saratani, ilhali seli za dada yake zimeingia mwilini juzi tu. Sasa tumepanda mbegu halafu tunamwagia shamba dawa ya kuua majani? Na vipimo si vilionyesha kwamba wamelingana kabisa?

Zainabu: Shikamoo Mjomba. Vipimo havikudanganya, ila hulinganisha zile alama kubwa za kinga zilizo kwenye kromosomu ya 6, ambazo kila mtoto hurithi fungu moja kwa baba na jingine kwa mama. Ndiyo maana uwezekano wa ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja kulingana ni asilimia 25. Nje ya hapo zipo alama ndogondogo nyingi zinazotofautiana, na chembe T za dada Salma, yaani askari wa kinga walioingia pamoja na seli shina, zikikutana nazo kwenye ngozi, ini au utumbo wa Idi, huziona ngeni na kuzishambulia; huo ndio ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mwenyeji.

Kuhusu hiyo dawa ya majani, siri iko kwenye siku. Sasa hivi chembe T zilizokwisha kumwona Idi kuwa mgeni ndizo zinazogawanyika kwa kasi, na siklofosfamidi hupiga hasa chembe zinazogawanyika. Seli shina zenyewe zimetulia, tena zina kimeng'enya kingi kinachovunja makali yake, kwa hiyo hupona.

Salma: Mimi jana sikulala. Kabla ya kutolewa seli niliulizwa nimezaa mara ngapi, nikajibu watatu, daktari akaandika bila kusema neno. Kwani ningekuwa mwanamume Idi angekuwa salama zaidi?

Zainabu: Sitakuficha, dada. Mwanamke akimchangia mwanamume, hatari ya ugonjwa huu wa pandikizi, hasa ule wa muda mrefu, huongezeka kiasi, kwa kuwa seli za kiume zina alama zinazotokana na kromosomu Y, na kinga ya aliyewahi kubeba mimba ya mtoto wa kiume huenda ilishajifunza kuzitambua. Lakini kati yenu wote ni wewe tu uliyelingana naye, kwa hiyo usijihukumu.

Mama: Zainabu mwanangu, kama chembe hizo ni adui, kwa nini wasiziondoe zote tukapumzika?

Zainabu: Kwa sababu, Mama Mdogo, ndizo zinazosaka masalia ya lukemia. Waliowahi kupewa seli na pacha wao wa kufanana hushambuliwa kwa nadra, lakini saratani huwarudia zaidi. Tunachotaka ni kuzipunguza makali bila kuzing'oa meno. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ya kuuzuia ugonjwa huu ilikuwa siklosporini pamoja na methotreksati, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Kisha jaribio la Australia na New Zealand, lililochapishwa mwaka 2025, likawalinganisha wagonjwa waliopata seli za ndugu wa damu: baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila ugonjwa huu kuwazidi wala saratani kurudi walikuwa asilimia 49 kwa waliopewa siklofosfamidi na siklosporini, na asilimia 14 kwa waliofuata njia ya zamani. Asilimia 49 si ushindi wa kupigia vigelegele, lakini mimi ningechagua hiyo bila kusita.

Idi: Nami niseme la jana usiku. Nilipata kichefuchefu, na muuguzi wa zamu akaniletea deksamethasoni. Alipokuwa mlangoni akasoma tena faili langu, akaondoka nayo mbio na kuniletea dawa nyingine. Sikuelewa.

Zainabu: Alifanya vyema sana kusoma tena. Deksamethasoni ni steroidi, na steroidi zingezilaza chembe T zisigawanyike, na kesho siklofosfamidi ingezikosa. Kwa sababu hiyohiyo siklosporini yako inasubiri hadi dozi zote mbili ziishe.

Mjomba Hamisi: Sasa nimeelewa. Basi kesho usiku nisimsumbue kwa simu.

Idi: Piga tu, Mjomba, nitakuwa macho. Wamenipima nikawa kilo 58, na kwa miligramu 50 kwa kila kilo nitapata 2,900 kila siku, pamoja na maji mengi ya dripu, na nimeagizwa niende haja ndogo mara kwa mara hata usiku ili dawa isikae ikaunguza kibofu.