Hizi SUV ndogo za kifahari kutoa batani zote na kuweka skrini, ni ukisasa au tunapigwa?

MtuWaIpuli:
Wakuu heshima kwenu. Jana kijiweni hapa Tabora mjini nusura tutoane ngeu kwa ajili ya gari ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuligusa. Jamaa yetu tumbaku imemkubali msimu huu, anataka kuachana na Harrier yake ya zamani, ile wanayoiita tako la nyani, achukue SUV ndogo ya kifahari, basi kila mtu akaja na lake, huyu anasema BMW X1 hizi za kuanzia 2022, yule Range Rover Evoque, mwingine Lexus LBX iliyotambulishwa 2023. Kwa nje hakuna ubishi, vyuma ni vikali. Ugomvi ulianza tulipofika ndani.

Maana nyingi ukifungua mlango batani karibu hamna. X1 wametoa hata kile kirungu cha kuzungusha pale karibu na gia, kiyoyozi kimehamia kwenye skrini. Evoque waliyoifanyia marekebisho kwa toleo la 2024 nayo hivyohivyo, skrini ya inchi 11.4 ndo imebeba kila kitu. Volvo EX30 ndo wamemaliza kabisa, mbele ya dereva hakuna dashibodi ya spidi, unaisoma kwenye skrini ya katikati, kurekebisha vioo vya pembeni ni skrini, kufungua kikabati cha kuwekea makaratasi ni skrini! Mi nasema hapo anasa hamna, kiwanda kinabana gharama za swichi na nyaya zake halafu tunauziwa kama ukisasa. Sasa wewe unatoka Nzega usiku, mvua imeshuka, kioo kinajaa ukungu, mbele lori linakuja limewasha taa kali, eti ndo unatafuta menyu. Mnasemaje?

KijanaWaUrambo:
Mkuu hata simu za batani mlizililia hivihivi, leo nani anazo? Usukani wenyewe una batani, na magari haya unayaambia kwa mdomo tu ongeza baridi yanaongeza. Mngesema bei mngeeleweka 😂

MtuWaIpuli:
Liambie kwa Kiswahili cha huku halafu uje utupe majibu.

MwalimuKitete:
Hili lilishapimwa jamani, tusibishane kwa hisia. Mwaka 2022 gazeti moja la magari la Sweden, Vi Bilägare, walichukua magari mapya kadhaa wakaweka na Volvo V70 ya 2005 yenye batani tupu, dereva anaenda kilomita 110 kwa saa huku anafanya kazi nne za kawaida, mambo ya joto la kiti, redio, kupunguza mwanga wa dashibodi, vitu hivyo. Ile Volvo kuukuu ilimaliza kwa sekunde 10, gari limesogea mita 306. MG Marvel R, moja ya hayo mapya, ikachukua sekunde 44.9, mita 1,372. Kilomita nzima na ushee unahangaika na kioo! Na madereva walipewa muda wa kuyazoea magari kabla ya kupimwa, msije mkasema walikuwa wageni.

Ndo maana Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia Januari 2026 wanatoa alama za kuelekea nyota 5 kwa gari ambalo indiketa, hazadi, honi, waipa na ile ya kuita msaada wa dharura vina swichi ya kushika. Sio sheria ya nchi, lakini hakuna kampuni ya kifahari inayotaka kuonekana na nyota 4.

KijanaWaUrambo:
Kwenye hiyo list yako kiyoyozi kipo? Hakipo. Kwa hiyo hata wao wameona AC kukaa kwenye skrini sio kesi.

MwalimuKitete:
Kutokuwepo hakumaanishi wameibariki, wameanza na vile vya kufa na kupona. Hapo kweli umenibana kidogo lakini msimamo wangu uko palepale.

FundiUmemeNgambo:
Mnazunguka mbali. Hizo LBX zikifika huku zitakuwa zimeshatembea Japani, si mpya. Mnazijua redio za magari ya Japani, masafa yanaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, maandishi ya Kijapani mwanzo mwisho, tulizoea kufunga ekspanda, kile kifaa cha kuifanya ishike stesheni za huku, au tunang'oa tunaweka ya Android ya Kichina maisha yanaendelea. Sasa gari ambalo skrini ndo redio, ndo kamera, ndo seti zote za gari, unang'oa nini? Kuna moja liliingia gereji, mwenye gari kabandika karatasi na selotepu chini ya skrini, kamchorea mkewe vile viboksi kimoja kimoja, "hiki cha pili toka kushoto ndo baridi", na kingine kakizungushia wino mwekundu kaandika USIGUSE. Nikamuuliza hiki kina nini, anasema na yeye hajui, aliambiwa na aliyemuuzia.

Batani ina picha ya feni. Feni haina Kijapani.

BintiSikonge:
Fundi hapo kwa lugha nakubali, ila nyie wengine mnatia vyote kapu moja. Sio kila umeme ni ujinga. Hiyo LBX milango yake inafunguka kwa swichi ya umeme, ukitaka kushuka na sensa za nyuma zimeona baiskeli au boda inakuja, mlango unagoma. Hapa Tabora na baiskeli zetu hizi! Gari linapaki pale sokoni, abiria anasukuma mlango bila kugeuka, mtu wa watu na madumu yake chini. Hicho ndo kitu cha kifahari mi ningekilipia kabla ya viti vya ngozi. Na injini ni 1.5 haibridi, mafuta na umeme pamoja, ushuru wa bidhaa unasimama asilimia 5, hiyo tako la nyani ya 2.4 ni asilimia 10.

MzeeWaCheyo:
Wanangu, LBX msingi wake ni mmoja na Toyota Yaris Cross, silinda 3. Hiyo ni Yaris imevaa suti ya harusi. Mkakanyage nayo mashimo ya masika.

BintiSikonge:
Shikamoo mzee. Si ndo uzuri wake, spea za chini zitapatikana kuliko za Evoque yenye rimu za inchi 20 na vitasa vinavyojificha mlangoni, tope likikaukia pale unaanza kuchokonoa na kijiti.

MzeeWaCheyo:
Marahaba. Hapo kwenye vitasa nimekuelewa.

FundiUmemeNgambo:
Huyo jamaa wa tumbaku kabla hajatuma hela amwambie wakala aingie ndani ya gari arekodi video, awashe kiyoyozi, apeleke upepo kwenye kioo, afungue seti za lugha waone kama Kiingereza kimo. Picha za nje hata mimi naweza kumpigia.

KijanaWaUrambo:
Kwa hiyo anachukua ipi?

MtuWaIpuli:
LBX. Ila video ameiomba toka asubuhi, wakala ametuma picha za rimu.