Tamasha la mashabiki wa anime hapa Tanga: tuanzie wapi?

Mkazi wa Ngamiani
Salaam, wadau. Sisi ni vijana wachache tunaotaka kuandaa siku moja ya wapenzi wa katuni za Kijapani, bila mfadhili wala kampuni nyuma yetu. Je, mashabiki huendeshaje jambo kama hili wenyewe, na mavazi ya wahusika tuyapate wapi?

Mkongwe wa Chumbageni
Ndugu yangu, udogo usiwatishe. Comiket, soko la Tokyo ambako mashabiki huuziana vitabu vya picha walivyovichora na kuvichapisha wenyewe, lilianza Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700, na hadi leo linategemea watu wanaojitolea. Anzeni na meza za wachoraji, kwa sababu kuonyesha filamu hadharani kunahitaji idhini ya mwenye haki, na hapo ndipo wengi hukwama.

Fundi wa Raskazone
Nywele za bandia za dukani ni ghali, na kwa joto letu hili kichwa huchemka. Mimi nilichukua katani, nikaichana kwa kitana, nikaitia rangi ya bluu ya nguo, kisha nikaishonea kwenye barakashia kuukuu. Ilisimama wima kama miiba, sawasawa na mhusika wangu, ila jasho lilipoanza, rangi ilinichuruzika hadi shingoni. Basi isuuzeni mara tatu kabla ya kuishona.

Mkazi wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Katani tunayo tele. Ukumbi ndio bado.