Kadi imenakiliwa Istanbul, pesa zimetolewa Jakarta, benki inaniambia "PIN ilikuwa sahihi"

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa makato ya mabenki, hili ni jambo jingine kabisa. Nimekaa nalo moyoni muda mrefu nikisubiri barua ya benki, sasa barua imekuja na nimeshindwa kunyamaza.

Mimi niko Kariakoo, nauza nguo za kike na za watoto, mzigo nafuata Uturuki, pale Laleli, Istanbul. Wanaokwenda wanapajua: mtaa baada ya mtaa ni maduka ya jumla, wauzaji wanakuita kwa Kirusi, ukipita bila kugeuka wanahamia Kiarabu. Pesa ya mzigo huwa naituma kwa uhamisho wa benki. Kadi kazi yake ni hoteli, chakula na kutoa lira za matumizi madogo madogo.

Safari hii nilifuata yote wanayotuhubiria. Kabla ya kuondoka nilikwenda tawini nikajaza ile fomu ya taarifa ya safari. Nchi: Uturuki. Tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, sahihi, muhuri. Pamoja na fomu hiyo, nafika hotelini kadi inakataa. Dada wa mapokezi ananiangalia kama nimekuja kulala bure. Nauliza, naambiwa mfumo "umeona muamala usio wa kawaida". Sawa. Nikajisemea afadhali, angalau wanalinda.

Sasa sikilizeni hao walinzi.

Asubuhi moja naamka, wifi inashika, nafungua aplikesheni ya benki, salio limebaki la kununulia vocha. Nashuka kwenye orodha ya miamala. Saa 2:30 usiku, mgahawa Laleli, huyo ni mimi, nimechomeka kadi yenye chipu na kuweka PIN. Saa 5:51 usiku, ATM, Jakarta. Saa 5:54, ATM, Jakarta. Saa 6:02, ATM, Jakarta. Saa 6:05, ATM, Jakarta.

Jakarta ya Indonesia! Kutoka Istanbul kwa ndege ya moja kwa moja ni karibu saa 12. Mimi nimekula kebabu saa mbili na nusu, na kabla ya saa sita niko Indonesia natoa pesa. Fomu yao inasema Uturuki. Mfumo ule ule ulioninyima kitanda hotelini, Jakarta haukuona ajabu yoyote.

Na muangalie hizo saa vizuri. Saa za Istanbul na za Dar ni zile zile, na kikomo cha kutoa kwa siku kwenye akaunti yangu kinaanza upya saa sita usiku ya kwetu. Kwa hiyo walichota cha jana, wakangoja siku igeuke, wakachota cha leo. Zaidi ya milioni sita za Kitanzania zimekwenda ndani ya robo saa. Hao ni watu wenye ratiba.

Nageuza kadi nipige namba ya huduma kwa wateja. Ni ya 0800, ya bure. Ya bure ukiwa Tanzania. Ukiwa nje haitoki kabisa. Aliyeona busara kuchapa namba hiyo peke yake nyuma ya kadi wanayoitangaza kwamba "inakubalika duniani kote" ningependa nimuone uso kwa uso. Nikaenda WhatsApp ya benki, nikapokelewa na roboti. "Karibu! Chagua 1 kwa Kiswahili." Nikachagua 1. "Je, ungependa kujua salio lako?" Salio langu liko Jakarta, baba.

Nikampigia mdogo wangu aende tawini. Akaambiwa mwenye akaunti aje mwenyewe na kitambulisho. Mwishowe kadi niliifunga mwenyewe kwenye aplikesheni, kitufe wamekificha ndani ya "huduma nyingine", chini ya kuagiza kitabu cha hundi. Kuanzia hapo nikala kwa kukopa kwa Wakongo tuliokuwa nao hoteli moja, Mungu awabariki.

Narudi Dar, benki wanataka RB ya polisi, yaani namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Kituoni naulizwa kosa limetendeka wapi. Nikajibu afande, hilo ndilo ninalotaka kujua na mimi. RB nikapata, fomu ya kupinga muamala nikajaza, nakala za pasipoti nikaambatanisha zenye mihuri ya kuingia na kutoka Istanbul. Kijana wa kitengo cha kadi akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akanigeuzia kompyuta.

"Mama, mfumo unaonyesha PIN sahihi imetumika. Kuna mtu ulimpa kadi?"

Kadi nimeiweka mezani mbele yake. Anaiangalia. "Inawezekana hukufunika mkono wakati wa kuandika PIN."

Barua iliyokuja baadaye ina aya tatu na zote zinasema hivyo hivyo: benki "imejiridhisha" kwamba miamala ilithibitishwa kwa namba ya siri na hivyo jukumu ni la mteja. Kwaheri milioni sita.

Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa kadi, maana hasira nayo ni shule. Nyuma ya kadi kuna ule utepe mweusi wa sumaku. Taarifa zilizomo hazibadiliki, ziko vile vile leo na mwaka kesho, kwa hiyo mtu akizisoma mara moja anaweza kuziandika kwenye plastiki nyeupe yoyote ile. Chipu ni kitu kingine: kila muamala inatengeneza msimbo mpya, na kuitengenezea pacha ni kazi ambayo mwizi wa kawaida haiwezi. Wanachofanya ni kubandika kifaa chembamba mdomoni mwa ATM, kadi inapoingia utepe unasomwa. PIN wanaipata kwa kamera ndogo kama tundu la sindano juu ya vibonyezo, au wanaweka vibonyezo bandia juu ya vile halisi. Hivyo vya bandia hata ukifunika kwa kanga nzima havijali, maana vinarekodi kidole chenyewe. Sasa "PIN sahihi imetumika" inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba mwizi ameiba PIN. Ndicho nilichokuja kulalamikia!

Hapa ndipo damu inapochemka. Kila muamala unapofika benki unakuja na tarakimu zinazosema kadi ilisomwaje. 05 ni chipu. 07 ni kugusisha. 90 ni utepe wa sumaku, na 80 ni pale mashine inapodai chipu imegoma ikaangukia kwenye utepe. Kwa hiyo benki yangu inajua, toka sekunde ile, kama pale Jakarta iliingia kadi yenye chipu yangu au kipande cha plastiki. Nimeiomba taarifa hiyo kwa maandishi. Nimejibiwa ni "taarifa za ndani". Pesa ni zangu, kadi ni yangu, mwizi ni wangu, ila tarakimu mbili ni siri ya benki.

Kama jibu ni 90 au 80, basi walikubali utepe kwenye kadi ambayo wao wenyewe wameiwekea chipu. Walikuwa na uwezo wa kukataa. Na pia sehemu kubwa ya dunia sheria za mitandao ya kadi, akina Visa na Mastercard, zinasema ATM ikimsomea mtu utepe wa kadi yenye chipu, hasara ya kadi bandia inaiangukia benki yenye ATM hiyo. Maana yake benki yangu huenda ilikuwa na mahali pa kudai, lakini kudai kuna muda, kwa kawaida siku 120, na wao muda huo wanautumia "kujiridhisha".

Msiniambie kuukataa utepe haiwezekani. Ubelgiji mwaka 2011 mabenki yalizima utepe wa kadi za debit (zile zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti yako) nje ya Ulaya, anayesafiri anaomba awashiwe. Mastercard wenyewe walitangaza Agosti 2021 kwamba utepe unaondoka: kuanzia 2029 kadi mpya hazitatolewa nao, na ifikapo 2033 usiwepo kwenye kadi zao za debit na za mkopo. Wenye mali wanaukimbia, sisi huku umeachwa wazi kama geti la sokoni.

Na kwa wanaosema "ndivyo dunia ilivyo", si kweli. Umoja wa Ulaya una sheria ya huduma za malipo, toleo lake la pili, inayosema wazi kwamba rekodi ya kadi kutumika peke yake si lazima itoshe kuthibitisha kuwa mteja aliidhinisha. Mteja akiripoti, benki inarudisha pesa kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, isipokuwa inamshuku mteja mwenyewe na imepeleka shaka hiyo kwa mamlaka. Marekani wana sheria ya 1978 ya kadi za debit: ukiwahi kuripoti ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue, hasara yako haizidi dola 50, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa benki. Yaani yule mzungu tuliyepanga naye foleni kwenye ATM ile ile, akinakiliwa kama mimi, yeye anapiga simu na kuendelea na likizo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulipimi. Kadi nyingi tulizonazo hapa ni za debit, si za mkopo. Mwenye kadi ya mkopo akiibiwa, iliyochotwa ni pesa ya benki, wanabishana naye huku mfuko wake umejaa. Sisi inachotwa ada ya shule na kodi ya fremu, halafu tunabishana tukiwa na njaa. Ndiyo maana wao hawana haraka.

Najua mtakuja na "si ungebeba cash". Nimebeba cash miaka yangu mingi tu, dola ndani ya mkanda, kulala nazo kama kichanga. Anayetaka arudi huko arudi, akikumbuka kutangaza forodhani zikifika dola 10,000.

Kwa mnaosafiri wiki hizi, nafanya hivi sasa, japo inaniuma kwamba ulinzi wa benki naufanya mimi. Kadi ya safari nimeiunganisha na akaunti nyingine kavu kabisa, nahamishia laki mbili tatu kwa simu nikiwa nimesimama mbele ya mashine, nikimaliza inabaki kavu. ATM natumia iliyo ndani ya tawi, tena saa za kazi, si zile za pembeni mwa duka la kubadilishia fedha; na ikiniuliza nikatwe kwa dola au lira, nachagua lira, ile ya dola wanakuchinja kwenye kiwango. Laini ya nyumbani naiwashia romingi kabla ya kupanda ndege, kwa sababu namba za uthibitisho za benki zinakuja kwa SMS na bila laini hununui hata tiketi mtandaoni. Kikomo cha kutoa nimeomba kishushwe. Na namba ya benki yenye +255 niliisaka mpaka nikaipata, iko chini kabisa ya tovuti yao kwa maandishi ya kusoma na miwani.

Wenye apatimenti wanaotaka picha ya kadi mbele na nyuma kwa WhatsApp, waambieni mtalipa mkifika. Zile tarakimu tatu za nyuma zikishatoka na namba ya mbele, hata ATM ya Jakarta haihitajiki.

NYONGEZA: wameniuliza PM nyingi kwa nini sitaji benki. Kesi bado iko mezani na sitaki wapate kisingizio. Malalamiko nimeyapeleka kwenye dawati la Benki Kuu, kwa kuegemea kanuni za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Nimeambatanisha RB, pasipoti, fomu ya safari yenye muhuri wa tawi, risiti ya mgahawa wa Laleli na barua yao ya kujiridhisha. Kwenye maombi nimeandika kwanza kabisa: benki itoe tarakimu za namna kadi ilivyosomwa kwa kila muamala wa Jakarta.

Aliyewahi kushinda kesi ya namna hii aje aseme aliambatanisha nini cha ziada. Na kama humu kuna mtu wa kitengo cha kadi, najua mpo, njoo na ID yako ya kujificha unijibu swali moja tu: kuzima utepe wa sumaku nje ya nchi kwa wateja wote kunahitaji sahihi ya nani, na huyo mtu anakaa ghorofa ya ngapi?