Tupeane uzoefu: mliowahi kujitolea kufundisha kinga ya VVU nje ya nchi, au mliokaa na wageni waliokuja kujitolea huku kusini

Mleta uzi (Mtwara Mjini)

Wadau wa kusini habari zenu. Naomba kwenye huu uzi tupeane uzoefu, wewe uliyewahi kuvuka mpaka kwenda kufundisha mambo ya VVU, au uliyeishi na mgeni aliyekuja kufundisha kwetu Mtwara na Lindi. Naanza mimi.

2014 nilikuwa nimemaliza chuo niko tu nyumbani, kikaja kikundi kinatafuta vijana wanaojua Kimakonde waende Palma, Msumbiji, kujitolea. Posho ya kula tu, mshahara hakuna. Nikavuka mpaka wa Kilambo na begi moja. Palma kipindi kile ilikuwa imefurika watu sababu ya gesi, madereva, mafundi, mama ntilie, wadada kutoka kila kona, hela inatembea na kila mtu yuko mbali na kwao. Kwa hiyo kazi ilikuwepo, tena nyingi.

Mkutano wa kwanza nilisimama na mabango yangu ya picha nikaanza kumwaga somo, kondomu, kupima, dawa, nikamaliza nikauliza nani ana swali, kimya. Watu kama sitini, hakuna aliyefungua mdomo. Nikajua ni lugha, maana Kimakonde cha kule na cha kwetu vinapishana, na wao condom wanaita preservativo, kituo cha afya centro de saúde, lakini kumbe wala, Kiswahili wanasikia vizuri sana. Jioni mama aliyenipokea akaniita akaniambia, "Mwanangu, umewaweka mkwe na mkwe pamoja halafu unataja mambo ya ndani. Unataka nani akujibu?" Jamani mimi ni Mmakonde, nimelelewa hivyohivyo, na nililisahau hilo sababu nilikuwa nimeshika mabango.

Kuanzia hapo nikaacha mikutano ya hadhara. Wazee nilikuwa nawafuata kwenye bao, vijana uwanjani baada ya mpira, na kina mama alienda yule mama mwenyewe baada ya kumfundisha wiki nzima, maswali yakaanza kuja mpaka ya usiku.

Kuna mmoja sijamsahau, baba fundi seremala. Alinifuata gizani akasema anataka kupima ila asindikizwe. Tukaenda, akakutwa nayo. Sasa wale wa siku nyingi mnakumbuka, enzi hizo ukikutwa na VVU haukuwa unaanza dawa papo hapo, walikuwa wanaangalia CD4, yani kipimo cha chembe za kinga ya mwili, zikiwa juu unaambiwa rudi nyumbani utakuja kupimwa tena. Akaambiwa hivyo. Tukiwa njiani akaniuliza, "Yani nina ugonjwa ambao hautibiwi mpaka niumwe kwanza?" Sikuwa na jibu. Alirudi kliniki mara moja, ya pili hakwenda.

Haya wengine karibuni.

Mdau wa Newala

Mkuu hapo kwenye mkwe na mkwe umenigusa. Mimi sikutoka nje, mimi nilikuwa mwenyeji. Kijijini kwetu alikuja dada wa Kimarekani wa Peace Corps, lile shirika lao la watu wa kujitolea, alikaa miaka miwili, na kazi yake ilikuwa elimu ya afya. Miezi kama sita ya mwanzo hakufundisha chochote. Alikuwa anaamka anaenda na kina mama kuchota maji, na mnajua shida ya maji huku juu kwenye uwanda, alikuwa anatwanga, anaenda misibani anakaa chini mkekani. Watu wakawa wanasema huyu mtoto amekuja kufanya nini hasa.

Baadae akaenda kwa bibi yangu ambaye ni nyakanga, yani kungwi mkuu wa unyago, akiwa na shangazi yangu. Hakumwambia bibi unyago ni mbaya, na wengi waliopita kabla yake walikuja na maneno hayo bibi akawafungia mlango. Yeye aliuliza tu, "Bibi, mwali akitoka ndani anakuwa ameambiwa nini kuhusu huu ugonjwa?" Bibi akanyamaza, akasema hajaambiwa kitu maana na mimi sijaambiwa kitu. Ndo wakaanza hapo. Yale ya ndani sitayaandika hapa na wala siyajui, ila najua tangu mwaka ule wanawali wa bibi wakitoka wanajua mchumba apelekwe kupima kwanza.

Na kwa wavulana alipita kwa wajomba. Kwetu mtoto ni wa mjomba, baba unaweza kukubali kitu mjomba akakataa kikafa. Wajomba wakakaa wakakubaliana jandoni kila mtoto na wembe wake mpya, hakuna kuchangia, na baadae wengine wakaanza kuwapeleka kwa daktari kwanza halafu ndo mafundisho yanaendelea.

Nimeona pia wale wa wiki tatu, wanagawa tisheti, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Sisemi wana nia mbaya, ila hawakai mpaka swali la kweli lije, na kwetu swali la kweli linachelewa.

Mdau wa Kilwa

Mimi nilienda Pemba ile ya Msumbiji mwezi mmoja tu, niliumwa malaria nikarudi. Nafuatilia uzi.

Mama wa Nachingwea

Wanangu na mimi niseme. Mimi naishi na VVU tangu 2009, naandika wazi na nyumbani wanajua wote. Ni Myao. 2012 nilipata nafasi ya kwenda Mangochi, Malawi, kukaa na kikundi cha kina mama wenye hali kama yangu, kule Wayao wamejaa, nikashuka kwenye gari nikasalimia Kiyao watu wakaniitikia kama nimetoka kijiji cha pili.

Nilienda kufundisha ila mimi ndo nilifundishwa. Malawi tangu 2011 walishaanza kwamba mjamzito yeyote akikutwa na VVU anaanza dawa siku ileile na ni za maisha, CD4 hawaulizi. Walikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Huku kwetu utaratibu huo ulikuwa bado. Mimi nilikuwa nawaona wadada wa umri wa mwanangu wanapewa kopo la dawa na kikundi kinawashika mkono hapohapo nje ya kliniki, mmoja anaenda nao mpaka nyumbani, na mimi nikapangiwa kushika watatu. Mmoja mumewe alitaka kumfukuza. Nilikaa na yule mwanaume barazani, nikamwambia mimi ninao, niangalie, nalima, nina nguvu, na mwanangu wa mwisho nimemzaa nikiwa nao, kapimwa hana. Akaniangalia mpaka nikaona aibu. Kesho yake akaja mwenyewe kupima.

Kwa hiyo la yule baba seremala wewe kijana usijilaumu, hilo lilikuwa la utaratibu wa wakati ule. Sasa hivi ukipima ukikutwa nao unaanza dawa bila kusubiri, kidonge kimoja kwa siku, na virusi vikifubaa mpaka havionekani kwenye kipimo humwambukizi mwenzio kwa tendo. Hili la mwisho ndo naomba mlitangaze kwa nguvu, watu wengi bado wanafundisha kwa kutisha, mabango ya mifupa, na mtu akitishwa anajificha.

Kijana wa Masasi

Shikamoo mama. Naomba kuuliza, msimu wa korosho hela zikitoka huku watu wanajiachia sana, mtu akishtuka asubuhi kwamba jana hakutumia kinga anafanyaje, asubiri miezi mitatu ndo apime?

Nesi (Mtwara Vijijini)

Mdogo wangu asisubiri hata siku. Aende kituo cha afya kabla ya masaa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi, akaombe PEP, yani dawa za kuzuia VVU baada ya kuhatarika. Atapimwa kwanza, kama hana anapewa dawa za siku 28, anameza zote bila kuruka. Ile miezi mitatu ni ya kurudia kipimo, sababu maambukizi mapya kipimo cha haraka kinaweza kisiyaone. Na kama mtu hilo linamtokea mara kwa mara aulizie PrEP, za kumeza kabla. Nimefanya kazi karibu na mpaka, naomba waelimishaji mnaovuka mlibebe hili la masaa 72, wengi wanaletwa siku ya tano.

Kijana wa Masasi

Asante dada, wengi hatulijui hilo. Mama hujaitikia shikamoo yangu 🙏🏾

Mama wa Nachingwea

Marahaba mwanangu. Mleta uzi, yule seremala ilikuwaje?

Mleta uzi

Mama, miaka miwili baadae utaratibu ulipobadilika na kule, yule mama mwenyeji wangu alimfuata mpaka kwake akamrudisha kliniki, akaanza dawa. Kila nikipiga simu ananiambia fundi yupo, ameongeza mwili, amempigia kitanda. Halafu Machi 2021 Palma ikashambuliwa, watu wakakimbilia porini na baharini, simu ya mama ikawa haipatikani kama miezi minne. Nilikuwa naenda Kilambo kila nikipata nauli nawauliza waliovuka. Mtu anakimbia usiku, dawa anaibeba saa ngapi?

Mama alipatikana Mueda, hukohuko kaskazini mwa Msumbiji. Fundi walitengana njiani, akasikia yuko Pemba. Kama kuna mdau yuko Pemba au ana ndugu anafanya kazi kliniki za kule aje pm, jina lake sitaliandika hapa.