Mrejesho: pezi la samaki wangu limeota tena

Wiki tatu zilizopita niliwauliza kuhusu samaki klauni (samaki mdogo wa maji ya chumvi) aliyefika kwangu South B, Nairobi, pezi la mkia likiwa limechanika: nimtie dawa au nisubiri? Asanteni sana mlioniambia nisubiri. Nilimtenga, nikawa nabadilisha maji kidogo kila baada ya siku mbili, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) ikabaki sufuri na kipimo cha chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi).

Siku ya tano, ukingoni mwa jeraha ukaota utando mwembamba usio na rangi, kama nailoni. Nilishtuka nikidhani ni ukungu! Kumbe ni pezi jipya. Lingekuwa linaoza, lingezidi kulika na kuwa jekundu. Sasa rangi ya chungwa inarudi, ila ule mstari mweusi wa pezi bado haujarudi. Na samaki wangu anakula kamba (uduvi) kwa pupa.