John Daly: mataji makubwa mawili, kisha miaka ya kuomba mialiko. Tatizo hasa lilikuwa nini?

NyasiNdefu

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba wanaoijua gofu ya Marekani wanifafanulie huyu John Daly. Kila unapogusa jina lake unakutana na yale yale: pombe, kamari, ndoa nne, suruali za rangi kali. Hayo yanajulikana. Kinachonishinda ni hesabu. Mtu kashinda PGA Championship 1991, kashinda Open ya Uingereza 1995, alikuwa anapiga mbali kuliko wenzake wote, halafu ushindi wake wote PGA Tour (ziara kuu ya gofu ya kulipwa Marekani) ni mara 5 tu, na kuanzia 2007 hana hata kadi kamili (haki ya kucheza msimu mzima).

Mchezaji wa akiba namba 9 aliingiaje uwanjani 1991? Ukishinda taji kubwa (moja ya mashindano manne makuu) unalindwa usipoteze kadi kwa muda gani? Na ile swingi yake ndefu (mzunguko wa fimbo anapopiga), ilikuwa silaha au ndiyo iliyomponza? Halafu Ryder Cup (timu ya Marekani dhidi ya Ulaya) hakuitwa hata mara moja, kwa nini?

KediMkongwe

Mkuu, maswali yako mawili ya kwanza yana jibu moja, nalo ni utaratibu wa haki ya kucheza. Usipouelewa huo, maisha ya Daly yataonekana kama miujiza ikifuatiwa na laana.

Agosti 1991 Nick Price alijitoa PGA Championship kwa sababu mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Daly alikuwa wa 9 kwenye orodha ya akiba. Orodha ile huitwa kwa mpangilio: waliomtangulia wengine walishapata nafasi, wengine walikataa kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Yeye alikuwa Memphis, akaingia kwenye gari akaendesha usiku mpaka Carmel, Indiana, bila uhakika wa nafasi. Alipofika akakuta nafasi ni yake. Uwanja wa Crooked Stick, uliochorwa na Pete Dye, ulikuwa na urefu wa zaidi ya yadi 7,200, mrefu sana kwa vifaa vya enzi zile, na Daly hakuwa amecheza hata raundi moja ya mazoezi hapo.

Watu husahau kwamba alirithi pia kedi (mbeba fimbo na mshauri) wa Price, Jeff Medlin, aliyeitwa Squeaky. Medlin ndiye aliyekuwa ameshaandaa umbali na mielekeo. Mchezaji asiyeujua uwanja, akipewa kedi anayeujua, anabakiwa na kazi moja tu ya kupiga. Akapiga 69, 67, 69, 71, jumla 276, mapigo 12 chini ya kiwango, akamwacha Bruce Lietzke kwa mapigo 3. Mwaka uliofuata Medlin yuleyule akashinda taji hilohilo akiwa na Price. Kwa hiyo mtu akisema ilikuwa bahati tupu, mwulize kuhusu kedi kwanza.

Sasa ulinzi. Taji kubwa wakati ule lilitoa miaka 10 ya kucheza PGA Tour bila kufuzu. Ya 1991 ilimfikisha 2001, ya 1995 ikamfikisha 2005. Angalia hapo: haikuwa miaka 20. Vipindi vinakwenda sambamba, havijumlishwi. Ushindi wa B.C. Open 1992 na BellSouth Classic 1994, wa miaka miwili miwili, ulimezwa ndani ya vile vikubwa. Buick Invitational ya 2004 pale Torrey Pines ikamsogeza mpaka mwisho wa 2006, na hapo ndipo akiba ilipoisha. Wiki mbili za kazi zilimlinda karibu miaka 15, na katika miaka hiyo hakulazimika kuwa mzuri kila wiki. Kwa maoni yangu ulinzi wenyewe ulimdhuru. Enzi hizo mchezaji wa kawaida akikosa kuwa ndani ya 125 bora kwa fedha alipoteza kadi, akashtuka, akajirekebisha. Daly hakushtuliwa na chochote.

ShimoLa17

Nakubaliana na KediMkongwe kuhusu utaratibu, ila hapo mwisho umemwonea kidogo. Mwaka 2005 alikaribia sana kujiongezea muda. Aprili, Shell Houston Open, aliingia mashimo ya ziada (ya kuvunja sare) na Vijay Singh, akapeleka mpira wa kwanza majini. Oktoba pale Harding Park, San Francisco, akaingia tena mashimo ya ziada, safari hii na Tiger Woods, na shimo la pili la ziada akakosa pati (pigo la kusukuma mpira shimoni) ya takriban futi 3. Ushindi wowote wa kawaida ungemfikisha mwisho wa 2007. Haikuwa uvivu, zilikuwa mipira miwili mibaya.

Kuhusu swingi. Wachezaji wengi wa kulipwa wakifika juu, mti wa fimbo unalala sambamba na ardhi. Wa Daly ulipita hapo mbali sana, kichwa cha fimbo kikielekea chini upande wa pili wa mwili. Safari ndefu zaidi maana yake nafasi zaidi ya kukusanya kasi, mradi mabega yazunguke kweli na kisigino cha kushoto kiruhusiwe kunyanyuka. Akizunguka kwa mikono tu, urefu ule ni wa bure, hauongezi yadi hata moja. Kwa Daly ulikuwa wa kweli: kati ya 1991 na 2002 aliongoza kwa umbali miaka 11, na 1997 akawa wa kwanza PGA Tour kumaliza msimu kwa wastani wa zaidi ya yadi 300.

Gharama yake ni muda. Fimbo ina safari ndefu ya kurudi, na nyonga zikitangulia sana, mikono inabaki nyuma na uso wa fimbo unafika wazi. Kwa anayepiga kulia, mpira unakwenda kulia. Viganja vikijaribu kuokoa dakika ya mwisho, vinageuka kupita kiasi na mpira unakata kushoto. Hakuna kosa dogo katika swingi ya namna hiyo. Na haina breki: Honda Classic 2007 alijaribu kusimamisha fimbo ikiwa tayari inashuka baada ya kamera ya mtazamaji kulia, akaumia ubavuni na kujitoa. Mwenye swingi fupi angesimama tu, angalau bila kuumia hivyo.

Lakini mimi sidhani swingi ndiyo iliyomwangusha, na umbali sio uliomshindia. Tazama St Andrews 1995, aliposhinda Open. Grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) 7 za Old Course, uwanja wa pale, ni za mashimo mawili mawili, kubwa mno, na unaweza kuwa kwenye grini ukiwa mbali kabisa na bendera. Mchezo pale ni kuupeleka mpira wa mbali usimame karibu, na mikono ya Daly kwenye kazi hiyo ilikuwa laini ajabu. Costantino Rocca alisawazisha shimo la 18 kwa pati ndefu iliyopanda kutoka bonde la mbele ya grini, uwanja mzima ukalipuka. Mtu mwingine angevunjika moyo. Daly aliingia kwenye mashimo 4 ya ziada, akatumia mapigo 15. Rocca akatumia 19, na shimo la 17 peke yake lilimla 7 kwa sababu alihitaji mapigo 3 kutoka kwenye mchanga wa Road Hole, ndilo jina la shimo hilo la 17.

NyasiNdefu

Asanteni sana, hapo kwenye kutojumlishwa ndipo nilipokuwa napotea. Lakini kama mikono ilikuwa laini na nguvu zilikuwepo, mbona kuna zile alama za ajabu? Nimeona mahali 18 kwenye shimo moja!

BiMfuko

Hiyo 18 ni ya kweli. Bay Hill, 1998, raundi ya mwisho, shimo la 6, la kiwango cha mapigo 5, linalozunguka ziwa upande wa kushoto. Hesabu yake inafundisha. Mipira 6 iliingia majini. Kila mmoja unahesabiwa mara mbili: pigo lenyewe na pigo la adhabu. Hapo tayari 12, na bado hujavuka. Njia ya kawaida baada ya kuchovya wa kwanza ilikuwa kuchukua chuma (fimbo ya umbali mfupi zaidi), kukata kona ndogo, kufika kwa mapigo mawili ya usalama na kuondoka na 8 hivi. Yeye alishika wudi namba 3 (fimbo ya kupiga mbali) akarudia mstari uleule, mara baada ya mara. Siku hiyo alimaliza na 85. Australia mwaka 2011, uwanja wa The Lakes, alirudia wimbo huohuo shimo la 11 mpaka mipira ikaisha mfukoni, akapeana mikono akaondoka.

Kwa hiyo ndugu ShimoLa17, hapo sikubaliani nawe. Ile "mipira miwili mibaya" ya 2005 ni ajali, kila mtu huipata. Hizi si ajali. Kumbukumbu zake za nidhamu za PGA Tour zilikuja kuwekwa wazi 2010 kupitia kesi aliyoifungua mwenyewe dhidi ya gazeti moja la Florida. Kurasa 456. Kusimamishwa mara 5, kuwekwa chini ya uangalizi mara 6, kuagizwa kwenda kwenye ushauri au matibabu ya pombe mara 7, faini zinazokaribia dola 100,000. Ila namba ninayoitazama mimi ni 21: mara alizoandikiwa kosa la kutojituma uwanjani. Pombe inazungumzwa kwa sababu inauza magazeti, lakini kosa lililojirudia kuliko yote ni la kukata tamaa katikati ya raundi. Mchezaji anayelindwa na kadi ya miaka 10 anaweza kumudu kukata tamaa. Hapo KediMkongwe yuko sahihi.

Na fedha zilifuata mkondo huohuo. Kwa maneno yake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha 2006, kamari ilimmeza dola milioni 50 hadi 60. Baada ya kushindwa na Woods 2005 alilipwa dola 750,000 za nafasi ya pili, akaenda Las Vegas, na anasema alipoteza milioni 1.65 kwa saa 5 kwenye mashine. Mapato ya mchezaji wa gofu yana miguu miwili, zawadi na mikataba ya vifaa. Mkataba wa vifaa ndio unaolipa wiki ambazo hukuvuka mchujo. Daly alipoteza wa kwanza 1997. Uliofuata ulimfungia sharti la kutokunywa na kutocheza kamari, nao ukafa 1999. Mguu mmoja ukikatika hivyo, unabaki kutegemea zawadi, na zawadi zinahitaji uvumilivu ambao tayari tumeona haukuwepo.

Haki yake pia isemwe. 1991 radi ilimuua mtazamaji siku ya kwanza ya mashindano, na Daly, aliyekuwa ndiyo kwanza ameona hela, alitoa dola 30,000 kwa ajili ya masomo ya watoto wa marehemu.

KediMkongwe

Nimalizie la Ryder Cup maana limeachwa. Timu ya Marekani enzi hizo ilipangwa kwa pointi za miaka miwili, na pointi zilitolewa kwa kumaliza ndani ya kumi bora. Mfumo huo unampenda mtu wa kila wiki. 1991 Daly alikuwa mgeni wa PGA Tour, hana msimu wa nyuma. Nafasi mbili za nahodha Dave Stockton zilikwenda kwa Raymond Floyd na Chip Beck. 1995 alikuwa na taji la Open la Julai, ila msimu wa 1994 aliuanza akiwa amesimamishwa, na matokeo ya katikati yalikuwa haba. Lanny Wadkins akawachukua Fred Couples na Curtis Strange. Strange alipoteza mechi zake zote tatu na Marekani ikashindwa kwa pointi moja, kwa hiyo ubishi huo haujaisha mpaka leo.

ShimoLa17

BiMfuko, hizo 21 sina jibu nazo, nakubali. Naongeza moja tu la goti, maana kuna wanaodhani alipoacha kuonekana ni ulevi. Goti lake lina ugonjwa wa viungo. 2019 aliruhusiwa kutumia kigari PGA Championship pale Bethpage, kwa sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu. Miezi miwili baadaye waandaaji wa Open walimkatalia kule Royal Portrush, hakucheza. Swingi yake inahitaji mguu wa kuzungukia. Bila goti, urefu wa juu unabaki lakini kinachousukuma hakipo.

NyasiNdefu

Basi swali la mwisho: baada ya 2006 alikuwa anaingiaje kwenye mashindano? Na kwa nini PGA Championship bado alikuwa anaonekana?

KediMkongwe

Mashindano ya kawaida, kwa mialiko ya wadhamini. Kila shindano lina nafasi chache ambazo waandaaji wanampa wanayemtaka, na Daly anajaza watu kwenye kamba hata akipiga 80. Nafasi hizo hazina uhakika, unaweza kujua wiki moja kabla, kwa hiyo huwezi kupanga msimu wala mazoezi. Akaenda Ulaya pia, 2009 alimaliza wa pili kwa kufungana Italian Open. Alipofika miaka 50 akaingia ziara ya wakongwe, akashinda Insperity Invitational 2017. PGA Championship ni suala jingine: bingwa wa zamani anaruhusiwa kuingia maisha yake yote. Open iliwapa mabingwa wa enzi zake mpaka miaka 60.